Kunyamazisha na Kuponya

Mashine haina ulimi, lakini haikosi lugha. Pikipiki iliyozeeka husema kwa mlio wake, kwa moshi wake na kwa rangi ya plagi yake. Je, fundi aondoaye mlio bila ya kuondoa sababu yake ametenda kazi, au ametenda udanganyifu?

Tutwae mfano. Kisian, magharibi ya mji wa Kisumu, barabara hugawanyika: moja huelekea Bondo, na ya pili hupanda kwenda Maseno. Katika mwinuko huo pikipiki kuukuu yenye abiria hujaribiwa. Mara injini hugonga, kwa mlio kama wa kokoto zinazotikiswa koponi. Fundi mwema hana pupa. Hutazama plagi kwanza. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Ikiwa ya kahawia, mchanganyiko ni wa kadiri. Ikiwa nyeupe, hewa ni nyingi na petroli ni haba. Basi hufungua kabureta akasafisha tundu la petroli, ambalo chembe ya uchafu yaweza kuliziba, kisha hugeuza skrubu kidogo kidogo mpaka injini itulie. Lakini mlio ukiwa kishindo kizito, huenda beringi ya mkono wa pistoni imelika, na hapana skrubu iwezayo kuiponya.

Fundi mwovu hapo humimina oili nzito. Kishindo hupungua kwa siku chache, na pikipiki huuzwa. Mnunuzi ametoa akiba yake yote. Injini itakapokwama mlimani, atapoteza mali, na pengine yeye na abiria wake watapoteza maisha.

Dunia nzima imewahi kutenda jambo la namna hii. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani aligundua kuwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, ukitiwa katika petroli, huzuia injini kugonga. Injini zilinyamaza, lakini sumu ilitoka pamoja na moshi ikaingia katika damu ya watoto, ikadhuru akili zao. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Mlio haukuwa umeponywa bure: gharama yake ililipwa na wasiomiliki hata gurudumu moja.

Mtu aweza kusema kuwa maskini hana fedha ya beringi, naye lazima ale leo. Ni kweli, na kuahirisha matengenezo si dhambi daima. Aahirishaye na kusema wazi, akapunguza mzigo na mwendo, ni mvumilivu. Aahirishaye na kuficha ni mwizi wa usalama wa mwenziwe. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha maradhi ya injini ana hatia zaidi, maana kifo anachokificha aghalabu si chake.

Basi, kijana, kila usikiapo lalamiko, la chuma au la mtu, usiulize kwanza namna ya kulinyamazisha. Uliza linasema nini.