MASIKIO YA MZEE NA AKILI YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu amewakumbusha wanaadamu ya kuwa aliwatoa matumboni mwa mama zao hali hawajui kitu, akawapa kusikia, na kuona, na nyoyo za kufahamu. Kusikia kumetangulizwa. Na aya nane kabla yake, katika aya ya 70, wametajwa wale wanaorudishwa katika umri dhalili, hata wakawa hawajui kitu baada ya kujua. Basi mlango ambao ilimu iliingilia utotoni, ukifungwa uzeeni, yapasa nyumba iangaliwe.

Mzee huanza kwa kuuliza, "Umesemaje?" Aulizapo mara ya tatu huona haya, akaitikia asilolisikia, akacheka wachekapo wengine. Huulizwa khabari ya shamba, akajibu khabari ya safari. Vijana hukonyezana, wakasema, "Mzee amepiswa." Naye huziona nyuso zao, baada ya siku chache haji tena barazani, hukaa chumbani peke yake. Hakupiswa, hakusikia. Walakini akiachwa katika upweke huo, huenda lile alilozuliwa likaja kuwa kweli.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Marekani, walitoa mwaka 2011 khabari za watu 639 waliowaangalia kwa kadiri ya miaka 12. Aliyepungukiwa kidogo na kusikia, khatari yake ya kupatwa na maradhi ya kupotewa na akili ilikuwa kama mara 2 ya anayesikia vyema. Wa kati, mara 3. Na aliyepungukiwa sana, karibu mara 5. Hayo hayana maana kuwa kila kiziwi hupotewa na akili, wala haijathibiti kuwa uziwi peke yake ndio sababu. Njia wanazozidhania ni tatu: ubongo hutumia nguvu nyingi katika kuyakamata maneno, ikabaki haba ya kuyahifadhi, sehemu za ubongo zisizopata sauti hudhoofika, na mtu hujitenga na watu.

Atasema mwenye kusema: "Mtume ameamrisha watu wajitibu, akautoa uzee katika maradhi yenye dawa, basi uziwi wa mzee aachiwe Mungu." Huyu amechanganya mambo mawili. Uzee hauna dawa, lakini uziwi si uzee wenyewe; ni maradhi yanayofuatana nao, nayo yamo katika ile amri. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa Marekani juu ya watu 977, wenye umri wa miaka 70 hadi 84, ambao kadiri ya nusu yao walipewa vyombo vya kusikilizia. Baada ya miaka 3, katika jumla yao haikuonekana tofauti. Lakini katika wale waliokuwa karibu zaidi na khatari, kupungua kwa akili kulizuiliwa kwa kadiri ya 48 katika mia.

Basi yampasa mwana ampeleke mzee wake kwa tabibu. Huenda ikawa ni nta tu iliyoziba, nayo hutolewa. Wala asiichokoe kwa kijiti. Ikiwa ni uziwi wa uzee, chombo cha masikio kisionewe haya, kwani miwani haionewi haya. Asemapo naye, amkabili uso kwa uso, aseme polepole kwa maneno yaliyo wazi, azime redio, wala asipige kelele. Na msikitini asogezwe karibu na mimbari.

Mwenyezi Mungu amekataza, katika Sura ya Al-Israa, aya ya 23, mwana kuwaambia wazee wake hata "uff". Wala mtu asidhani kuwa kiziwi amesalimika na neno hilo. Sikio lisipolisikia, jicho huliona usoni mwa mwanawe.

Mwenyezi Mungu awahifadhie wazee wa Kiislamu masikio yao na akili zao, na awajaalie wana wao subira ya kulirudia neno mara ya tatu. Amin. Wallahu aalam.