Joto la Nyumbani

Kwa riwaya zake, mwandishi Charles Dickens aliwafundisha Waingereza kupenda joto la nyumbani. Mwaka 1858 akaachana na mkewe Catherine, mama wa watoto wake 10, kisha akachapisha tangazo gazetini kukanusha uvumi kwamba ana mwanamke mwingine. Lakini Ellen Ternan, mwigizaji kijana, alikuwapo kweli. Juni 1865 treni waliyopanda wawili hao ilianguka Staplehurst, Uingereza. Dickens aliwanywesha majeruhi maji kwa kofia yake; kuhusu Ellen, kimya. Mimi naamini huruma ile haikuwa ya maonyesho, na hilo ndilo linalonitatiza. Catherine, akikaribia kufa mwaka 1879, alimkabidhi binti yao barua za zamani za mumewe zipelekwe British Museum, dunia ijue kwamba aliwahi kupendwa.