Deni la Anayepiga Makofi

Ukiwa mpenzi wa mieleka, kuna swali utaulizwa mpaka uzeeke: "Hivi hujui kwamba wale jamaa wanaigiza?" Mara nyingi anayeuliza ni mtu ambaye jana usiku alitokwa na machozi akitazama tamthilia ya Kituruki. Huyo hakuna anayemkumbusha kwamba marehemu wa tamthilia yuko hai Istanbul, anakunywa chai. Ila mpenzi wa mieleka lazima ajitetee.

Mimi nimeacha kujitetea. Roland Barthes alishalimaliza suala hilo mwaka 1957, alipofungua kitabu chake cha Mythologies kwa insha kuhusu mieleka. Kwa Barthes, mtazamaji wa mieleka hajali kabisa kama pambano limepangwa. Amekuja kuona mateso, kushindwa na haki vikionyeshwa wazi, kwa ishara kubwa ambazo hata aliyekaa nyuma kabisa atazielewa. Mieleka ni tamasha, na tamasha halidanganyi mtu.

Sawa. Lakini Barthes aliwaandikia watu wa kumbi za Paris za enzi zake. Hakuwahi kuingia kwenye ukumbi wa bingo kusini mwa Philadelphia katika miaka ya 1990. Angeingia, nadhani angetoka na swali ambalo mimi linaninyima raha mpaka leo: tukishakubali kwamba ushindi ni wa uongo, tufanye nini na damu, ambayo ni ya kweli? Na sisi tunaotazama, tuna deni gani kwa anayeimwaga?

Ukumbi huo ndio ulikuwa makao ya ECW, kampuni ndogo ya mieleka iliyoanzishwa mwaka 1992. Ilikuwa tawi la muungano wa zamani wa NWA, hadi Agosti 1994, Shane Douglas aliposhinda mkanda wa muungano huo, akautupa chini mbele ya kamera na kutangaza kwamba enzi mpya imeanza. Jina likabadilika likawa Extreme Championship Wrestling. Msimamizi wa hadithi, Paul Heyman, hakuwa na fedha za kushindana na makampuni mawili makubwa ya wakati ule, WWF na WCW. Kipindi chake kilirushwa na vituo vidogo, tena usiku wa manane. Mtaji wake mkubwa ulikuwa watazamaji.

Na watazamaji wale hawakuwa wa kawaida. Walijua kila kitu. Walisoma vijarida vya siri za mieleka, walinunuliana kanda za Japani na Mexico, walijua nani anahama na nani amegombana na bosi. Waliokaa viti vya mbele wakawa maarufu karibu kama wapiganaji, ukawasha tu televisheni ukawatambua kwa nguo zao. Usiku mmoja mwaka 1994 Terry Funk aliomba apewe kiti, mashabiki wakaanza kurusha viti ulingoni, vikawa vingi mpaka wapiganaji wawili waliolala katikati wakafunikwa.

Sasa hapa ndipo penye fumbo. Ungetegemea kwamba mtu anayejua mchezo umepangwa atakuwa mpole: anajua hakuna chuki ya kweli, kwa hiyo hatadai maumivu ya kweli. Ilikuwa kinyume. Kwa kuwa walijua mshindi ameamuliwa, hasira imeigizwa na urafiki umeandikwa, walianza kutafuta kitu kimoja ambacho hakiwezi kuandikwa na mtu. Wakakipata kwenye mwili. Ngozi ikichanika, imechanika. Mtu akianguka futi 15, ameanguka futi 15. Kadiri walivyozidi kuwa wajanja, ndivyo walivyozidi kudai ushahidi.

Muulize Tommy Dreamer. Alipoanza ECW, mashabiki hawakumtaka. Alikuwa kijana mzuri wa sura, anavaa suruali ya kanda mabegani, anatabasamu kama mtu wa tangazo la dawa ya meno. Wakamzomea. Mwaka 1994 akapoteza pambano dhidi ya Sandman, na adhabu ya aliyeshindwa ilikuwa kuchapwa bakora. Alichapwa mgongoni mpaka alama zikaonekana, kisha akanyanyuka na kuomba aongezwe. Ukumbi ukabadilika palepale. Kuanzia usiku ule akawa mtoto wao, na yeye akabaki mwaminifu kwa ECW hadi ilipokufa.

Msomaji wa huku hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Tunazijua mila za jando ambamo kijana hupimwa kwa kutolia. Lakini jandoni kuna mzee anayesema basi, imetosha. Na kijana akishavuka, amevuka, harudishwi wiki ijayo achanjwe upya kwa sababu safari hii watu wameshazoea. Mtihani wa ECW haukuwa na siku ya mwisho.

Waswahili tulisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema wa Philadelphia aliposifiwa hakutia maji, alitia damu. Novemba 1994 Chris Benoit alimrusha Sabu, Sabu akatua vibaya na kuvunjika shingo. Ilikuwa ajali. Heyman akaigeuza kuwa jina la biashara, Benoit akaitwa mlemazaji. Sabu akarudi ulingoni. Agosti 1997 alipigana na Terry Funk katika ulingo uliozungushiwa seng'enge badala ya kamba. Waya ukampasua msuli wa mkono. Akaomba tepu, akaufunga, akaendelea na kazi. Nimeiangalia video ile mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na kila mara nasikia kitu kilekile: ukumbi ukishangilia ile tepu.

Novemba 1996, huko Revere, Massachusetts, kijana wa miaka 17 aliyedanganya umri wake aliingizwa ulingoni kuziba nafasi ya mpiganaji ambaye hakufika. Akachanjwa usoni kwa kisu na New Jack, damu ikamtoka kwa wingi wa kutisha. Machi 2000, huko Danbury, zamu ikawa ya New Jack mwenyewe. Alianguka na Vic Grimes kutoka kwenye jukwaa la vyuma, Grimes akamwangukia kichwani. Fuvu likapasuka, jicho la kulia likapoteza uwezo wa kuona.

Ukumbini kulikuwa pia na wimbo maalumu kwa mpiganaji aliyekosea. Mtu akiteleza kwenye kamba, au akiangukia pasipotakiwa, watu mamia walimwimbia kwa pamoja, kwa neno la matusi, kwamba ameharibu. Wakati mwingine aliyeharibu alikuwa bado yuko chini, hajajua kama mguu wake umevunjika.

Aliyeujibu ukumbi ule ni Mick Foley. Wengi wetu tunamjua kama Mankind, yule aliyetupwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba mwaka 1998. ECW alikuwa Cactus Jack, na alikuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya sikio la kulia kwenye pambano la Munich mwaka 1994. Kama kuna mtu aliyewapa mashabiki ushahidi waliotaka, ni yeye.

Mwaka 1995 aliona bango mikononi mwa shabiki. Lilikuwa na maneno mawili tu, yakitaka Dewey achapwe bakora. Dewey ni mtoto wa Foley. Wakati ule alikuwa na miaka mitatu.

Huenda aliyeliandika alicheka. Utani wa ukumbini, basi. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Foley alisimama mbele ya kamera na kutoa hotuba ambayo wapenzi wa mieleka bado wanaitaja miongoni mwa bora zilizowahi kutolewa katika fani hiyo. Kiini chake kilikuwa hiki: mimi nimeutoa mwili wangu kwa ajili yenu, nanyi mnaniomba na mtoto wangu. Kisha akawaadhibu kwa njia ya ajabu kabisa: akakataa kuumia. Wakitaka viti na seng'enge, yeye anambana mtu kabali taratibu, dakika zinakwenda, ukumbi unachoka na kuzomea. Akawa adui wa hadithi kwa kosa la kupigana kistaarabu.

Utasema, na utakuwa sahihi, kwamba hata hilo lilikuwa igizo. Foley aligeuza hasira yake kuwa kipindi, Heyman akakirusha hewani, mashabiki wakalipa kiingilio kuja kumzomea anayewalaumu kwa ukatili wao. Ndiyo maana kisa hiki kinanishika. Lawama yenyewe iliuzwa kwa waliolaumiwa, nao wakaifurahia.

Sasa tuwape mashabiki nafasi ya kujitetea, maana wana hoja.

Hoja ya kwanza ni ya hiari. Hawa walikuwa watu wazima, hakuna aliyewashikia bunduki. Hiari ni kitu kizito na sitaki kuidharau. Kumwambia Sabu kwamba hakujua anachofanya ni kumtukana. Lakini hiari ya mtu inategemea bei aliyowekewa mezani. Wapiganaji wa Marekani wengi walihesabiwa kuwa vibarua wa kujitegemea, bila bima ya afya kutoka kwa mwajiri. ECW ilipofika mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika, Aprili 2001, ilikuwa na madeni ya karibu dola milioni 9, na wapiganaji walikuwa miongoni mwa wanaodai. Mtu mwenye hundi iliyorudi benki, anayejua kwamba ukumbi utamsahau asipojichanja, bado ana hiari, ila imebanwa. Na sisi tuliokuwa tunazomea ni sehemu ya kilichoibana.

Hoja ya pili ni kwamba shabiki mmoja hana nguvu. Mimi ni mtu mmoja kati ya elfu moja na kitu, nikinyamaza kitabadilika nini? Kazini kwangu naisikia hoja hii kila wiki, katika sauti mbili. Mhariri anasema tunaweka picha ya ajali kwa sababu ndicho wasomaji wanachotaka. Msomaji anasema nimeifungua kwa sababu ndicho mlichoweka. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, na maiti iko katikati, haijafunikwa. Mieleka angalau haina unafiki huo. Makofi yanasikika palepale, na mpiganaji anaamua hatua inayofuata kwa kuyasikiliza. Mtazamaji anaiandika hadithi pamoja naye. Huwezi kudai sifa ya kuijenga ECW, na mashabiki wake wanaidai, kwa haki kabisa, kisha ukakataa sehemu yako ya bili ya hospitali.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: kwamba kuvumilia maumivu mbele za watu ni sanaa, na kukataa kuitazama ni kuitupa zawadi ya mtu. Terry Funk alikuwa na miaka 52 alipotwaa ubingwa katika onyesho la kwanza la ECW la kulipia kwenye televisheni, Aprili 1997. Ukimwangalia mzee yule, uso una damu, magoti yamekwisha, huwezi kusema ni ujinga mtupu. Kuna ukubwa pale. Ninaukubali. Ninachokataa ni kwamba ukubwa ule ulitoka kwenye damu. Ulitoka kwa Funk.

Ushahidi wangu ni usiku wa Agosti 26, 1995, ukumbi uleule, watu walewale. Eddie Guerrero na Dean Malenko walikuwa wanaondoka kwenda WCW, na hilo ndilo lilikuwa pambano lao la kuaga. Hapakuwa na seng'enge. Walikuwa wanaume wawili wenye miili midogo kwa vipimo vya fani yao, wakifungana na kufunguana kwa ufundi ambao wapenzi wa mieleka wanauzungumzia mpaka leo. Mwishoni walikumbatiana wakilia, na ukumbi ule uliozoea kudai damu ukawaimbia ukiwasihi wasiondoke.

Kwa hiyo walijua. Hilo linawaondolea mashabiki kisingizio cha kwamba hawakuweza kupenda kitu kingine. Waliweza. Ila uzuri wa Guerrero na Malenko ulihitaji miaka ya mazoezi na dakika nyingi za kutazama kwa makini. Kiti cha kichwani kilihitaji sekunde moja. Na kampuni ndogo isiyo na fedha, inayogombea jicho la mtu usiku wa manane, itauza kile kinachouzika haraka.

Kuhusu vichwa vile, leo tunajua zaidi. Benoit aliua mkewe na mwanawe mwaka 2007, kisha akajiua. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na uharibifu mkubwa. Sitasema viti vilimfanya muuaji, wanaosema hivyo kwa uhakika wanarahisisha mno, na waliouawa wanastahili zaidi ya maelezo mepesi. Lakini baada ya kulijua hilo, hakuna anayeweza kushangilia kiti kichwani kwa moyo mweupe kama wa mwaka 1995.

Siwaombi watu waache kutazama. Mimi mwenyewe sijaacha. Deni ninalolizungumzia halilipwi kwa kuzima televisheni, linalipwa kwa namna ya kutazama. Mtu akianguka vibaya, nyamaza mpaka anyanyuke. Akifanya jambo gumu lisilomuumiza, piga makofi yenye uzito uleule ambao ungempa angetoka damu, maana makofi ndiyo mshahara unaomwelekeza kesho afanye nini. Mkongwe wa miaka 60 akipanda juu ya kamba kwa sababu umemwita jina, jiulize ulikuwa unamwitia nini. Na ukimwona mwenzako ameinua bango linalomtaja mtoto wa mtu, mwambie alishushe. Mwaka 1995 kulikuwa na watu waliokaa kushoto na kulia kwa yule shabiki. Wao ndio huwa nawafikiria kuliko yeye.