Mwalimu na Safari ya Ugenini

Baada ya kumhimidi Mwenyiezi Mungu na kumsalia Mtume wake: vijana wetu wanaosomea ualimu wauliza, je, yajuzu tukihitimu twende tukasomeshe nchi za mbali? Nchi za Ghuba zaajiri walimu, na Afrika Kusini mwaka 2018 ilitangaza kuingiza Kiswahili katika skuli zake.

Twajibu: safari yenyewe haina ila. Imamu Shafii alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akasoma Makka na Madina, akasomesha Baghdad, akafia Misri mwaka 204. Na wanafunzi wake wa Misri, akina Muzani na Rabii, ndio walioieneza elimu yake.

Lakini kusomesha ni fardhi ya kifaya. Wakisimama wa kutosha, wengine wamesamehewa. Asiposimama mtu, wote wenye uwezo wana dhambi. Basi kijana na ajiulize mambo mawili. Je, nina ahadi kwa walionilipia masomo? Ikiwa anayo, aitimize kwanza. Je, kiti nikiachacho kina wa kukikalia? Ikiwa yuko, na aende kwa radhi.

Na enyi ndugu, uwezo si elimu tu. Mali nayo ni uwezo. Twatumia fedha nyingi kwa harusi ya siku tatu, na mwalimu wa wana wetu twampa makombo; kisha akiondoka twasema ana tamaa. Huo si uadilifu. Atakaye mwalimu akae, na ampe cha kumweka. Kama hakumpa, dhambi ya kiti kitupu ni yake pia.

Wallahu aalam.