Anayeshika Ufunguo

Kijijini Kimuli, kwenye migomba, pombe haiingii nyumbani kama adui. Rubisi, pombe ya ndizi, inasindikiza posa, inakaribisha wageni, inakaa na wafiwa. Gongo, pombe kali ya kienyeji, ndiyo inayobomoa nyumba. Ikishabomoa, ndugu hukaa kikao, huchanga nauli, humkamata kijana alfajiri na kumpeleka nyumba ya upataji nafuu, yaani kituo cha waraibu, mbali, pengine Mwanza au Dar es Salaam. Mama anamwachia mhudumu neno moja: “Mwanangu, usimfungulie hata akilia.”

Mhudumu huyo anadaiwa nini? Wengi watasema subira na huruma. Sheria inadai kitu kigumu zaidi.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, iliyotungwa chini ya Waingereza mwaka 1930, ina kifungu kisichotaja pombe wala vituo. Maana yake ni hii: ukiwa na mtu mikononi mwako asiyeweza kujitoa, kwa utoto, ugonjwa au kuzuiliwa, naye hawezi kujipatia mahitaji ya uhai, wajibu wa kumpatia ni wako, na akidhurika kwa kuyakosa, umemdhuru wewe. Kisha kifungu kinaongeza jambo linalonisimamisha kila mara: wajibu huo upo hata kama kumshikilia kwenyewe si halali.

Kwa hiyo nia njema haihesabiwi. Machozi ya mama, michango ya ukoo, hata kwamba mhudumu mwenyewe aliwahi kupita njia hiyohiyo ya ulevi, vyote vinabaki nje. Linaloulizwa ni moja tu: aliyeshikiliwa anaweza kuondoka? Kama hawezi, mwili wake ni dhamana yako.

Na mwili huo hausubiri. Mtu aliyekunywa gongo kwa miaka akikatishwa ghafla, mikono hutetemeka hadi uji unamwagika kabla ya kufika mdomoni. Jasho linamtoka, anaona wadudu ukutani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na degedege, na wengine hufa. Arosto, yaani mateso ya kukatisha kilevi, ikiwa ya heroini inatesa sana, lakini kwa kawaida si hiyo inayoua. Ya pombe inaua. Anayesema “acheni sumu itoke” anacheza na roho ya mtu. Kwa mgonjwa huyu mahitaji ya uhai ni daktari, diazepamu, vitamini B1, maji, na gari la kumwahisha hospitali usiku.

Limebaki suala la kufuli lenyewe. Katiba, ibara ya 15, hairuhusu mtu kunyimwa uhuru ila kwa utaratibu wa sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ina utaratibu wake wa kumlaza mtu bila ridhaa yake. Kikao cha ukoo hakimo. Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalizitaka nchi zifunge vituo vya lazima vya waraibu wa dawa za kulevya. Siwacheki ndugu wa Kimuli kwa kutafuta kufuli. Atakayewacheka hajawahi kulala akimwogopa mwanawe wa kumzaa. Ila mwana huyo ni mtu mzima, na ridhaa ya mama si ridhaa yake. Kumwambia mama hivyo getini, ndugu waliochanga wakisikiliza, ni kazi ngumu kuliko kufunga komeo, na inatakiwa ifanyike kabla ada ya kituo haijapokelewa.