Nani Analipia Usingizi Wako?

Kutoka Chalinze hadi Bagamoyo kwa miguu si mchezo. Kipande cha Msata hadi Bagamoyo peke yake ni kilomita 64: unapita Kiwangwa kwenye mashamba ya mananasi, unavuka Mto Ruvu, ndiyo uione pwani. Kikundi chetu kinataka kuitembea njia hiyo kwa siku tatu, kwenda kuhiji kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Ubishi mkubwa haujawa wa njia. Ni wa begi la kulalia: tubebe au tusibebe?

Wanaokataa wana hoja. Hija ni kujivua, wanasema. Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake bila mkoba, bila mkate, bila pesa. Ukibeba kitanda mgongoni umehama nyumba, hujaenda kuhiji.

Hoja tamu, ila ina deni ndani yake. Jua likizama, huyu asiye na kitu analala wapi? Mama wa kijijini atamtolea mkeka, wanawe wabanane kwenye mmoja uliobaki. Asubuhi mimi nitajisifu kwamba nimejinyima, kumbe aliyejinyima ni mtoto wa watu. Huo ni umaskini wa kujichagulia, na bili anapelekewa maskini ambaye hakuchagua.

Waislamu walishaligusa jambo hili zamani. Wafasiri wa Qur'ani wanasimulia kuhusu watu wa Yemen waliokwenda kuhiji Makka bila masurufu, eti wanamtegemea Mungu, halafu wakifika wanaomba watu. Ndipo ikashuka aya ya kuwaamuru wabebe masurufu, na kuwakumbusha kwamba yaliyo bora ni uchamungu. Yaani uchamungu haukuja kufuta mzigo.

Na hata njia za kuja Bagamoyo zinalijua hilo. Wapagazi wa karne ya 19 walioshusha pembe za ndovu kutoka bara walibeba mzigo wa tajiri, mara nyingi kilo 30 hivi, na juu yake mkeka na chungu chao wenyewe. Aliyechoka kuliko wote bado alitembea na malazi yake.

Lakini anayebeba kila kitu naye ana kasoro: hamhitaji mtu. Anapita vijijini kama lori la mizigo linalokwenda Zambia. Wanaotembea kwenda Namugongo, Uganda, kwa ajili ya tarehe 3 Juni, wengine kwa wiki nzima na zaidi, hupokewa njiani kwenye parokia na shule. Mapokezi hayo ni sehemu ya hija yenyewe. Mgeni anayekataa kila kitu anamnyima mwenyeji nafasi ya kutoa.

Kwa hiyo? Begi lile nene limeshonewa nchi za baridi. Usiku wa Kiwangwa litakutoa jasho tu, na mbu watakula uso. Mimi nabeba shuka, mkeka na chandarua. Vinanitosha kulala barazani au darasani bila kumwamsha mtu. Nikikaribishwa chai, nitakunywa. Nikikatiwa nanasi, nitakula na kushukuru. Kipimo changu ni kimoja: nipokee kile ambacho mwenyeji akishanipa, yeye na wanawe bado watalala vizuri.