Kadi ya Harusi: Mwaliko au Bili?

Vijana wanaojiandaa kufunga ndoa huniuliza: Pasta, kuna haja gani ya kukaa wiki nzima mkikata karatasi na kupaka gundi, na siku hizi kadi ni picha tu, unaituma kwa WhatsApp?

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nianze na hesabu. Watu husema kadi ya mkono ni rahisi. Si lazima. Kuna manila, gundi, na uzi wa mkonge (huo kwetu haukosi, Voi hadi Mwatate ni mashamba ya mkonge). Halafu kuna saa za mama, shangazi na nyanya, ambazo hakuna anayeziandika kwenye bajeti. Ukizilipa, mwenye duka la kuchapa atakushinda bei.

Basi faida iko wapi? Nilikaa na familia moja ya hapa kanisani wakiifanya kazi hiyo. Bibi harusi anakata, wadogo zake wanabandika, nyanya anafunga uzi kwa vidole vilivyosuka vikapu vya Kitaita miaka mingi. Kila kadi, jina linasomwa kwa sauti. Zimebaki chache, nyanya akauliza, "Na yule mama aliyewalea hawa watoto tukienda shamba, mbona sijamsikia?"

Kimya. Halafu mama bibi harusi akasema polepole, "Mama, huyo hana cha kuchanga."

Nyanya hakubishana. Alichukua kadi tupu, akampa mjukuu, akamtajia jina.

Sipingi mchango. Bila kamati na harambee, harusi nyingi za Taita Taveta zingebaki ndoto. Lakini kadi inayomfuata mwenye pesa peke yake ni bili iliyowekwa maua. Katika Luka 14:12-14 Yesu anamwambia mwenyeji wake asiwaite matajiri watakaomrudishia, awaite maskini, viwete na vipofu. Na heri yake iko hapo hapo, kwamba hawana cha kumlipa.

Mtu ataniambia, "Pasta, sahani ni pesa." Kweli, sahani ni pesa. Hata keki ya ghorofa tano ni pesa, na hiyo sijasikia ikiondolewa kwa orodha.

Na simu pia haina dhambi. Shida ni kwamba ukituma kwa kundi, huyo mama hakuna aliyeamua kumwacha. Namba yake haimo tu, basi.

Walio na harusi mwezi wa Desemba, njooni na orodha zenu Jumatano baada ya maombi. Tutazisoma jina kwa jina. Mje na wazee wenu.